Ndege Haikuja Manda

Amu, 9 Januari 2024

Kwa Bwana Abdulhalim,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Uliniaga kwamba unakwenda Faza wiki moja kumtazama binti yetu, na wiki hiyo imepita, na nyingine inakatika. Nimempigia Nana simu. Akasema baba hajambo, anakula, anaswali, analala. Nikamwambia akupe simu, akasema umekataa. Najua masikio yako hayapatani na simu tangu mwaka juzi, lakini hata ujumbe niliomtumia akusomee nao umekataa kusomewa. Kwa hiyo nimechukua karatasi, kama zamani ulipokuwa ukienda Mombasa kununua vitambaa vya duka. Barua nampa Taha wa boti, ameahidi kukutia mkononi mwenyewe.

Hapa wale watu wa gazeti walikuja kuniuliza habari za kitabu, wakanywa kahawa, wakapiga picha ngazi zetu, wakaenda zao. Nerea, yule mhariri wa Nairobi, amenipigia kusema nakala zinakwisha na kitachapwa tena. Hakutarajia kwamba shajara za mwandishi wa michezo ya redio, tena ya zamani hizo, zingesomwa na watu wengi namna hii. Nami sikutarajia. Nilidhani utafurahi.

Unarudi lini?

Mkeo,
Shifaa


Faza, 15 Januari 2024

Bi Shifaa,

Waalaykum salaam. Barua imefika. Taha alinipa mbele ya watu pale gatini, wakadhani nimeitwa mahakamani.

Mimi mzima. Nana na mumewe wazima. Chumba walichonipa kina dirisha lenye mwanga mzuri, na mwanga ndio niliokuwa nautaka, kwa sababu nasoma kitabu chako.

Nakala nimenunua mwenyewe. Zile ulizoletewa nyumbani waligawiwa wageni. Mimi sikupewa na sikuomba. Tangu tuoane mwaka 1966 madaftari yale yamekaa ndani ya kasha, chini ya kitanda tunacholalia, na sijafungua hata moja. Hukunikataza. Nilijua ni yako, basi. Sasa mtu yeyote mwenye pesa ya kitabu anajua ulichoandika, isipokuwa mimi. Kwa hiyo nasoma. Nakwenda polepole na ile lenzi, mato yangu unayajua. Nimefika mwaka 1967.

Nitarudi nikimaliza.

Abdulhalim


Amu, 18 Januari 2024

Kwa mume wangu,

Umefika 1967, basi pale pa ukuta umeshapapita.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nimetoka kwetu, nyumba ya dada sita wanaoongea wote kwa pamoja, nikaingia kwako, ambako mtu anakula, anasema alhamdulillahi, anarudi dukani. Niliandika nilichokiona siku hiyo. Ningejua kwamba siku moja kitapigwa chapa, labda ningetafuta neno jingine. Labda nisingetafuta. Nerea anasema ukurasa ule ndio wasomaji wanaoupenda kuliko yote, na mimi nilicheka naye, sikufikiria kwamba kuna mtu atausoma akiwa yeye ndiye ukuta.

Niambie kweli. Uliondoka kwa sababu hiyo?

Shifaa


Faza, 24 Januari 2024

Bi Shifaa,

Ndiyo, ni hiyo, lakini si kama unavyodhani.

Ijumaa ile kabla sijaondoka nilikwenda kuketi barazani baada ya swala, kama kawaida. Mmoja wao, simtaji, akasema neno, wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu siku hizi watu wakicheka nacheka, ni rahisi kuliko kuuliza. Akaona sikusikia, akanijia sikioni: "Nimesema, mpisheni Bwana Ukuta, mpeni nafasi." Kisha akanisomea kutoka kwenye simu yake. "Nimeolewa na ukuta. Ukuta mzuri, umenyooka, umepakwa chokaa, lakini ukiuambia jambo sauti yako mwenyewe ndiyo inayokurudia."

Nilikaa kidogo ili nisionekane nimekimbia. Kisha nikaenda nyumbani kufunga mzigo.

Neno lenyewe sikulikasirikia. Ni kweli. Baba yangu alikuwa hasemi, na mimi nikadhani kumwongelesha sana mke ni kumchosha. Kilichoniuma ni kulijua barazani, wa mwisho, baada ya mji mzima.

Sasa niko 1972. Umeandika mengi ya duka. Sikujua kwamba ulikuwa unajua jina la kila kitambaa na siku kilipoingia. Uliniona nikimkatia yule mama wa Manda kipande zaidi ya alicholipia, nikajifanya nimekosea kupima. Nilidhani hakuna aliyeona.

Kuna mahali umenichekesha. Nana alikuja mbio, akadhani nimepaliwa.

Abdulhalim


Amu, 28 Januari 2024

Kwa Bwana Abdulhalim,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Yule wa barazani namjua hata usipomtaja, na mkewe nitamwona arusini.

Sasa nisikilize. Umefika 1972. Nakuomba ukifika mwisho wa 1974 ufunge kitabu urudi nyumbani. Mwaka 1975 usiusome. Nitakwambia mwenyewe kwa mdomo, nitakaa upande wa sikio lako la kulia, nitasema polepole.

Mwanetu Yassir amenipigia kutoka Mombasa. Ana hasira. Kuna ukurasa mmoja wa mwaka huo. Mtu wa ofisini kwake ameusoma akamwonyesha. Anasema nimemvua nguo baba yake, na kwamba katika chapa ya pili ukurasa huo lazima utoke. Nerea anasema kuutoa anaweza, lakini anataka jibu kabla ya Ramadhani, kwa sababu baada ya hapo mitambo itakuwa imeanza.

Utaniuliza mbona sikukwambia kabla. Mwaka jana nilikuja na madaftari mapajani, nikakuuliza kama unataka nikusomee kabla sijayapeleka. Ulisema, "Ni yako, fanya upendavyo." Nikalichukua neno hilo nikaondoka nalo. Najua halikuwa ruhusa. Lilikuwa ni ukuta tu, na safari hii ulinifaa.

Tafadhali rudi.

Shifaa


Amu, 11 Februari 2024

Bwana Abdulhalim,

Taha anasema barua alikupa mkononi. Boti yake imekuja na kwenda mara kadha wa kadha, hana cha kunipa. Nana anasema hutoki isipokuwa kwenda msikitini, na chakula unakula nusu.

Basi umeusoma.

Andika neno lolote, hata liwe baya.

Shifaa


Faza, 15 Februari 2024

Bi Shifaa,

Nimeusoma. Ulipoandika usiusome nilikuwa nimeshaanza 1974, na wewe ungefanya nini mahali pangu?

Naunakili hapa kwa mkono wangu, ili tuwe tunazungumza jambo moja.

"Manda. Nimemwambia Abdulhalim nakwenda Wiyoni kumwuguza shangazi na nitalala huko siku mbili tatu. Badala yake nimevuka na sanduku. Redio wamenipa kazi Nairobi, na barua yao ninayo kifuani. Nimekaa kwenye kibanda cha uwanja tangu asubuhi, mimi na Mzungu mmoja na mbuzi. Alasiri akaja mtu akasema injini ya ndege imeharibika, hakuna ndege leo, labda kesho. Nimerudi Amu na boti ya mwisho. Abdulhalim hakuuliza kitu. Mtoto [Bakr] ana homa. Ndege ingekuja, ningeondoka. Naandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye."

Hukujidanganya. Hilo nakupa.

Mimi siku zote nilijua kwamba hukunichagua. Tulichaguliwa na wazee, kama watu wote. Lakini nilidhani kwamba baada ya hapo, kidogo kidogo, ulikaa kwa kutaka. Sasa naona ulikaa kwa sababu ya injini. Nana hakuwa amezaliwa mwaka ule. Naandika haya nyumbani kwake, anapita mlangoni na sinia ya chai, na ninamtazama, na nafikiri kwamba hangekuwapo kama fundi mmoja wa nti za huko mbali angekaza skrubu yake vizuri.

Ukurasa unaofuata umeandika: "Ndege imekuja. Nimeisikia ikipita juu ya nyumba." Hakuna zaidi. Kisha hakuna kitu hadi mwezi mwingine, na hapo unaandika habari za bei ya nguru.

Sitaki kujua kwa nini ulitaka kuondoka. Hilo kurasa za nyuma zimenieleza na nimeelewa. Nataka kujua jambo moja tu. Kesho yake ndege ilikuja. Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Mbona hukupanda?

Abdulhalim


Amu, 19 Februari 2024

Kwa mume wangu Abdulhalim,

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nitajibu ulichouliza, na sitakipamba.

Kwanza, kuhusu ile safari, sikuombi radhi. Ningeomba ningekuwa nakudanganya. Nilikuwa na kazi mikononi ambayo watu walinitaka niifanye, na nyumbani hakuna aliyejua kwamba nafanya kazi. Mama yako alikuwa akiniita nikiwa katikati ya sentensi, niende nikachague mchele. Wewe hukunikataza kuandika, lakini hukuniuliza hata siku moja naandika nini. Nilikuwa na wana wawili, na nilipanga kuwaleta Nairobi nikishapata chumba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sijui kama ungewatoa.

Nilirudi jioni ile nimekasirika, nimechomwa na jua, nimepanga kulala usiku mmoja na kesho nivuke tena. Sanduku nililiacha kwa jirani, chini ya ngazi zake. Nikaingia. Wewe ulikuwa umeketi kitandani, mtoto amelala kifuani kwako na kitambaa cha maji kipajini. Homa ilimpanda baada ya mimi kutoka. Ulinitazama ukasema, "Shangazi vipi?" Nikasema amepata nafuu. Ukasema kuna wali chini ya kawa. Halafu ukasema hivi, nayakumbuka maneno yako yote: "Bahasha yako uliisahau mezani. Nimeipeleka posta. Nilisimama mpaka wakaipiga muhuri."

Bahasha ile ilikuwa mchezo wangu wa mashindano ya redio. Sikuisahau. Niliiacha kwa makusudi, kwa sababu kazi nilikuwa nimeshaipata, na sikuwa na haja ya mashindano tena. Wewe uliiona pale, ina anwani na haina stempu, ukadhani ugonjwa wa shangazi umenichanganya. Siku ile ndiyo mfuko wa barua ulikuwa unaondoka. Ukafunga duka mchana, wewe ambaye hukulifunga hata siku ulipong'olewa jino. Mtoto hukuwa na wa kumwachia, ukambeba na homa yake begani, ukatembea Usita wa Mui wote, ile njia kuu ya mji, hadi posta, ukanunua stempu, ukarudi; jirani aliwaona mkipita.

Hukuuliza ndani mna nini. Mpaka leo hujauliza.

Nililala nikiwa macho. Ndege ilipopita asubuhi nilikuwa jikoni napika uji wa mgonjwa, nikasimama nikaisikiliza mpaka ikatua ng'ambo, kisha nikaisikiliza ikiruka. Sikukaa kwa mapenzi, usije ukajisifu. Nilikaa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufunga duka kwa ajili ya maandishi yangu, na wa kwanza kufanya hivyo hakujua hata kwamba amefanya jambo. Nikasema nitampa mwezi mmoja nimtazame vizuri. Baada ya mwezi huo nikasahau kuhesabu.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nimeshindwa, na daftari lile nilikuwa nalijazia hoja zangu dhidi yako. Sikutaka kukuwekea yako humo. Hilo ndilo kosa la shajara, Abdulhalim. Mtu huandika akiwa na hasira na mikono mitupu. Akifurahi ana kazi nyingine.

Ukurasa ule ni wako kama ulivyo wangu. Ukisema utoke, utatoka, na Nerea nimeshamwambia angoje neno lako. Yassir nimemwambia anyamaze mpaka baba yake aseme.

Mkeo,
Shifaa


Faza, 27 Februari 2024

Bi Shifaa,

Bahasha siikumbuki.

Nimejaribu. Nimekaa dirishani nikaitafuta siku ile toka asubuhi yake. Homa ya mtoto naikumbuka, uzito wake begani naukumbuka, na harufu ya siki kwenye kitambaa. Posta haimo. Nilipeleka bahasha zako nyingi miaka ile, moja haikutofautiana na nyingine. Kama ningejua kwamba moja yake ilikuwa imebeba nyumba, ningeitazama vizuri zaidi.

Nilidhani jibu lako litanifurahisha au litaniumiza. Limenifanya niketi tu. Mtu anaishi na mke umri mzima kwa sababu ya jambo ambalo hata hakulitia maanani, na yale aliyoyatia maanani, yale aliyojinyima kwa ajili yake, hayamo kitabuni hata moja. Mwaka 1969 niliuza saa ya baba yangu ukapate kutibiwa meno Mombasa. Nimeitafuta katika 1969 yote. Umeandika kwamba Mombasa kulikuwa na joto.

Usijibu hilo. Nimelisema, limekwisha.

Sasa nikupe habari. Juzi wanawake wa hapa walikuja kwa Nana, wana kitabu kimoja na wanakisoma kwa zamu. Walipofika pale pa Manda aliyekuwa akisoma akaona niko mlangoni, akafunga kitabu. Nana akawa hajui pa kutazama. Nikamwambia aniletee kitabu, nikausoma ukurasa ule mwenyewe hadi mwisho. Wanasema nilisoma kwa sauti iliyofika msikitini. Mimi nilidhani nasoma taratibu.

Nikamaliza. Kisha bibi mmoja, Aaliya, mjane, akasogea akanipigia kelele sikioni: "Na wewe bwana, siku ile ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Dukani."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, na safari hii nilijua nacheka nini. Walipotulia nikaongeza, "Dukani, kisha posta. Naambiwa nilikwenda posta." Nana akaniuliza posta kufanya nini, nikamwonyesha barua yako. Aliisoma ukumbini, akaingia jikoni, akakaa huko muda.

Ukurasa ubaki. Mwambie yule binti wa Nairobi asiuguse, isipokuwa jambo moja. Pale ulipoandika "mtoto ana homa", yeye ametia mabano akaandika Bakr. Bakr alikuwa amesafiri na mama yangu wiki ile. Mwenye homa alikuwa Yassir. Nilimbeba mimi, najua. Hilo lisahihishwe, na Yassir nitamwandikia mwenyewe, nimweleze ni nani aliyekuwa begani.

La bahasha usilitie kitabuni. Watu wa barazani wameshapata sehemu yao.

Nimefika 1981, na hapa nimekwama. Umeandika, mwezi wa tano: "Leo Abdulhalim kanichekesha mpaka nikaketi kwenye ngazi na ndoo ya maji mkononi, nikashindwa kusimama." Hukuandika nilisema nini. Nimefikiri siku hizi zote. Sikumbuki kwamba nimewahi kumchekesha mtu kiasi hicho. Nimemwuliza Nana, alikuwa mdogo, hajui.

Nilisema nini?

Njoo Faza kabla ya Ramadhani, turudi pamoja. Wanawake hawa wana maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu, na Bi Aaliya anauliza kila siku utafika lini. Ndia nzuri sasa, bahari imetulia. Mletee na Nana ile dawa yako ya magoti, anasema imemwishia.

Mumeo,
Abdulhalim


Amu, 3 Machi 2024

Kwa mume wangu,

Nimezungumza na Nerea. Ukurasa unabaki, na kwenye mabano atakuwa Yassir. Aliniuliza nina hakika gani baada ya miaka yote hiyo, nikamwambia nina shahidi.

Yassir alipiga jana, barua yako ilikuwa imemfikia. Nilikuwa tayari kwa ugomvi mwingine. Aliniuliza tu kama ni kweli ulimtembeza Usita wa Mui na homa. Nikasema ni kweli. Akauliza afya yako, kisha akasema ana kazi.

Kuhusu 1969, umeniambia nisijibu na sitajibu. Lakini saa ile ulinambia imepotea. Mpaka Alhamisi iliyopita nilikuwa najua imepotea. Nimefungua kasha, nimechukua daftari jipya, nimeiandika.

Nakuja Alhamisi na boti ya Taha. Dawa ninayo. Mwambie Bi Aaliya nitajibu maswali yote asubuhi moja, baada ya hapo nimekuja kwa mume wangu.

Na ulichosema mwaka 1981 nakikumbuka neno kwa neno. Sikukiandika wakati ule na siandiki sasa, barua hii inapita mikononi mwa Taha. Nitakwambia nikifika, sikioni, na kwa sauti utakayoisikia. Kwa hiyo mwambie Nana awatoe watoto nyumbani, naye aende nao.

Shifaa